Kamati ya Seva

Nianze na kosa langu, maana watu wa mtaa wetu wa Milanzi hawatanisamehe nikilificha. Kadi za mchango nilizibuni mimi. Debora alisita, nikamwambia, "Mwanangu, wewe unajua kompyuta, mimi najua watu. Kila mtu na fani yake." Akachapisha. Ndiyo tabia yake: akikuheshimu anakuacha ukosee.

Mimi ni Leonia, fundi cherehani. Nimeshona sare za harusi hapa Sumbawanga kwa miaka ishirini na miwili, na kamati nane za harusi nimeziongoza mwenyewe, nikiwa mwenyekiti. Ukuta wa duka langu ndio ukuta wa duka la Debora. Yeye ana steshenari: anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anawaandikia watu barua za kuomba kazi. Ukipita unaona msichana mwembamba mwenye sweta ya bluu, anasalimia shikamoo na kurudi kwenye mashine yake. Wengi wanapita na kusema, yule ni binti wa kopi. Hao ndio hasa ninaowaandikia, wajue waliyekuwa wakimpita.

Baba yake, mzee Mayunga, alihamia huku kutoka Usukumani na ng'ombe wake, akajenga ng'ambo ya kijiji cha Pito kabla Debora hajazaliwa. Kwa hiyo binti ni Msukuma wa kuzaliwa Ufipa, na Kifipa anakiongea kuliko wanangu, ambao wakiulizwa swali na bibi yao wanajibu kwa Kiswahili cha redio. Kompyuta hakusomea chuo chochote. Alijifunza pale pale dukani, siku za mvua ambazo wateja hawaji. Mvua ikianza kupiga bati, mimi nilikuwa nafunga mlango na kujifunika kitenge, yeye anafungua masomo.

Na ni mvua hiyo hiyo iliyompa kazi. Kuna mwaka ilianza mapema, siku tatu mfululizo, tukakimbilia mashambani kama watu walioitwa na kengele. Halafu likawaka jua wiki tatu. Mahindi yalichipua yakafia ardhini. Mimi nilipoteza ekari mbili, mzee Mayunga ekari kumi na moja, tena mbegu ya dukani, siyo ya kuchagua ghalani. Tulikuwa tumekaa tunalalamika, Debora akauliza, "Kwani zile siku tatu ilinyesha kiasi gani?"

"Ilinyesha sana," nikamjibu.

"Sana ni kiasi gani, mama?"

Nikamwona hana adabu. Nikatafuta jibu la kumnyamazisha, sikulipata. Hakuna aliyekuwa nalo.

Akaanza na vikopo saba vya plastiki, kila kimoja kina rula pembeni, akavigawa kwa watu saba. Kila asubuhi saa moja unatazama kikopo, unamtumia namba kwa ujumbe wa simu, unamwaga maji. Yeye na mwalimu Yusto, anayefundisha hesabu Namanyere, wakaandika programu inayopokea zile namba, inajumlisha, inachora ramani, na mara mbili kwa wiki inamtumia ujumbe kila aliyejiandikisha: imenyesha wapi, kiasi gani, jumla ya siku kumi, na mwaka jana siku kama hizi ilikuwaje. Haisemi panda wala usipande. Hapo Debora ni mkali. "Mama, mimi siyo Mungu," huwa anasema. "Mimi napima tu." Lakini mtu akishajua kilichonyesha, haendi tena shambani kwa kukurupuka. Na wafugaji nao wanajua majani yataota upande gani kabla hawajahamisha mifugo.

Wala hawamtozi mtu. Programu yenyewe ni huria: imewekwa hadharani, anayetaka anaichukua, anaitumia, anairekebisha, haombi ruhusa. Kuna vijana wa Malawi wameichukua na kuiweka kwa lugha yao. Yusto alipotuambia, nilitoka nje nikamtangazia muuza mitumba, ambaye hakuniuliza.

Miaka minne ikapita, vikopo vikafika arobaini na vitatu, kutoka Pito hadi Namanyere. Na miaka yote hiyo zile namba zilikuwa zinaishi kwenye seva, yaani kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, ambayo shirika moja la nje lilikuwa limetuachia bure. Mwezi wa tisa ikaja barua. Shirika linafunga mradi wake. Ikifika tarehe thelathini na moja Oktoba seva inazimwa, na kilichomo kinafutwa.

Debora alinisomea ile barua akiwa amesimama mlangoni pangu. Mvua za kupandia zinaanza Novemba. Bila seva, mwaka huo tungerudi kwenye "ilinyesha sana", na watu wangepanda kwa kubahatisha kama zamani.

"Si mnaweka kompyuta nyingine hapo dukani kwako?" nikamuuliza.

"Umeme ukikatika, mama?"

Nikakumbuka nguo ngapi nimezimalizia kwa cherehani ya miguu. Sikuuliza tena.

Akanieleza kwa namna yangu. Seva ni kama kupanga chumba: unahamia na vyombo vyako, unalipa kodi, mwenye nyumba analinda umeme na kufuli. Akaandika vyumba vitatu kwenye daftari. Cha kwanza kilikuwa ng'ambo, kodi ndogo, ila kinalipwa kwa dola na kwa kadi ya benki. Dola ikipanda na kodi imepanda, na kadi ikikataa siku ya kulipa unatolewa vyombo nje. Cha pili kilikuwa Dar es Salaam, ghali zaidi, lakini unalipa kwa shilingi, kwa simu, na ukiwa na shida unampigia mtu anayesema Kiswahili. Cha tatu kilikuwa bure kabisa. Mfanyabiashara mmoja wa mbegu alikuwa tayari kulipa yote, miaka mitano. Alitaka mambo mawili tu: jina la mbegu zake liwe juu ya kila ujumbe, na apewe orodha ya namba za simu za wakulima wote.

Tulikuwa tumekaa kamati siku hiyo, mimi, Debora, Yusto aliyekuja na basi la asubuhi, na mzee Evaristi, mhasibu mstaafu ambaye nilimwomba awe mtunza hazina kwa sababu hela haijawahi kupotea mkononi mwake. Evaristi alipiga meza.

"Bure, miaka mitano, na mnafikiria? Nyie watoto mmekula nini?"

Debora aliongea taratibu, macho kwenye daftari. "Mzee wangu, akilipa mmoja, nyumba ni yake, sisi wengine tunakuwa wageni. Mwaka ambao mvua ni ndogo, atakubali tuwaambie watu wasikimbilie kununua mbegu?"

Evaristi akavaa kofia. Chumba cha Dar kikapita kwa kura tatu kwa moja. Kodi yake kwa mwaka ni laki tano na sabini na sita elfu, pamoja na ujumbe wa simu. Na hatukuwa na hata senti.

Sasa hapo ndipo nilipojitokeza mimi na ujuzi wangu. Nani hajui jinsi ya kuchangisha katika nchi hii? Harusi ya milioni nane tunaichanga kwa miezi miwili. Unachapisha kadi, unaweka kiwango cha single, yaani mtu mmoja, na kiwango cha double, yaani wawili, unawagawia watu, unawakumbusha mpaka wakuogope. Nikamwambia Debora achukue kadi ya harusi aliyokuwa nayo kwenye mashine, abadilishe majina tu. Single elfu tano, double elfu kumi. "Na hii sehemu ya tarehe na ukumbi?" akauliza. Nikasema weka Jumamosi tarehe ishirini na sita Oktoba, saa nane mchana, ukumbi wa kigango, pale kanisani, ili tuwasomee watu mapato. "Na hili ua?" Acha, watu wamelizoea.

Kadi mia moja zikaisha kwa wiki tatu. Nilijisifu mpaka nikajichosha. Laki sita na thelathini elfu, Evaristi kahesabu mara mbili. Debora akatazama lile burungutu, akatabasamu, akasema, "Mama, kumbe kweli unajua watu."

Jumamosi saa nane kasorobo nilifika ukumbini na daftari langu. Nikakuta watu wamejaa. Wamevaa. Wanawake na vitenge vya kutoka, wanaume na makoti, wenye double wamekuja wawili wawili na kadi mkononi. Mama mmoja alikuwa ameshika sufuria jipya limefungwa kwa karatasi ya maua. Akaniinamia sikioni, "Dada Leonia, zawadi tunampa nani? Bibi harusi ni yule wa kopi?"

Nikaitazama ile kadi upya. Mtu wa kwetu ukimpa kadi ya single na double, yenye tarehe, ukumbi na ua, umemwahidi pilau. Hasomi katikati. Ningekuwa mimi nisingesoma. Watu zaidi ya mia, wamekula asubuhi uji tu ili waje kula vizuri mchana, na jikoni hapakuwa na hata moto.

Nikamvuta Debora nyuma ya mlango. Nikamwambia tuchukue laki mbili kwenye zile hela, niwatume watu sokoni, mchele na kuku, ndani ya saa mbili watakuwa wanakula. Vinginevyo watatuita matapeli na kudai chao.

"Tukila laki mbili tunabaki na laki nne," akasema. "Alhamisi seva inazimwa."

"Wakidai zote, tunabaki na nini?"

Huyu ni msichana ambaye hata kwenye sala za jumuiya akiombwa asome somo anampa mwenzake. Akaichukua ile bahasha ya hela mkononi mwa Evaristi, akatembea hadi mbele, akaiweka mezani juu ya kitambaa cheupe, watu wote wanaiona.

"Shikamooni wazazi wangu," akasema. "Hakuna pilau."

Ukumbi ulivuma. Akangoja.

"Kadi ilikosewa, na mashine iliyoichapa ni yangu. Mlichochangia ni seva. Itakuwa Dar es Salaam, kwenye nyumba ya mashine. Siwezi kuwaonyesha, hata mimi sijawahi kuiona na labda sitaiona. Ninachoweza kuwaonyesha ni kitakachokaa ndani yake."

Yusto alikuwa amekuja na projekta ya shule yake. Akaiwasha, ukutani ikatokea ramani ya Ufipa yetu na vidoa arobaini na vitatu. Debora akaanza kusoma. Hakusoma namba za mvua. Alisoma majina ya wapimaji, mmoja mmoja, kijiji chake, na siku alizopima. Huyu siku mia tisa na mbili. Huyu siku elfu moja na kumi. Waliokuwemo wakawa wanasimamishwa na majirani zao, wanapigiwa vigelegele, kwa sababu mcheza kwao hutunzwa. Akafika Pito.

"Mama Cornelia. Siku elfu moja mia nne na nane. Hajakosa hata moja tangu alipopokea kikopo."

Mama Cornelia ni mjane, ana kiduka cha chumvi na sabuni. Alisimama akiwa ameshika khanga mdomoni.

"Siku aliyomzika mumewe," Debora akaendelea, "saa moja asubuhi alituma sifuri. Hapakuwa na mvua. Angeweza kuacha. Alitoka kwenye matanga, akatazama kikopo, akatuma sifuri."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nililia, na sioni aibu kusema. Debora akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akasema neno ambalo mimi, mwenyekiti wa harusi nane, nisingethubutu kulisema.

"Basi. Anayeona tumemdanganya, hela yake iko hapa. Aje achukue, na Mungu ambariki."

Wakaja. Nisiwapambe watu wangu. Wa kwanza alikuwa mzee Evaristi, alichukua elfu kumi yake na kusema kwa sauti, "Bure mlikataa." Nyuma yake wakapanga foleni, jumla watu ishirini na watatu. Mama wa sufuria hakuchukua hela, ila sufuria alirudi nalo. Nilihesabu kilichobaki. Laki nne na arobaini na tano. Pengo lilikuwa laki moja na thelathini na moja, na siku tano tu.

Ndipo mzee Mayunga akasimama. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, na fimbo yake, kofia gotini. Mzee huyu kwa miaka minne alikuwa anaiita kazi ya binti yake "mambo ya vikopo". Akaja mbele polepole.

"Mimi nina dume kule nyumbani," akasema. "Jeusi. Wanaojua mnada wanalijua. Kesho linauzwa. Seva italipwa mwaka huu na mwaka ujao, na chenji itabaki. Hawa waliochukua hela zao waende nazo."

Makofi yalivyopigwa! Mimi ndiye niliyeanza. Nikaona tumeokoka, tena kwa heshima. Nikageuka nimwone Debora anavyofurahi.

Debora alikuwa amepiga goti. Binti wa Kisukuma akiongea na baba yake jambo zito hasimami. Akasema, "Baba, asante. Ng'ombe wako siwezi kumpokea."

Nilitamani nimzibe mdomo. Kumkatalia mtu ng'ombe! Mbele ya watu! Na mtu mwenyewe baba yako, na Msukuma! Nilimwona Mayunga akibadilika uso.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nilimkataa mwenye mbegu kwa sababu alitaka kulipa peke yake. Nikikupokea wewe kwa kuwa ni baba yangu, watasema nilikuwa namzuia mwenzio ili nyumba iwe yetu. Na dume likiisha, baba, mwaka wa tatu tutamwita nani? Single ni elfu tano. Lipa kama wengine."

Mzee alisimama pale, akamtazama binti aliyepiga goti, kwa muda mrefu mpaka nikaanza kusali rozari kimoyomoyo. Kisha akaingiza mkono kwenye koti. Akatoa noti ya elfu tano, akainyoosha kwenye paja, akaiweka mezani. Akachukua kiti mbele, kiti cha kwanza, akakaa.

Aliyefuata ni mama Cornelia, na elfu mbili. Halafu wapimaji wengine, ambao sikuwa nimewapa kadi kwa kuwa niliona wanafanya kazi inatosha. Elfu mbili, elfu moja mia tano, elfu tano. Wafugaji wanne waliokuja na Mayunga walitoa elfu kumi kumi, wakawa wananiuliza kama hiyo ni double. Watu sita wa ile foleni walirudi, wanaangalia chini, sikuwasema. Evaristi hakurudi, na hadi leo anasoma ujumbe wetu wa mvua kila Jumatano na Jumapili. Hatujamfuta. Programu ni huria, na ubahili ni huria vilevile.

Ilipogonga saa kumi na moja tulikuwa na laki tano na themanini na moja. Watu wakaenda nyumbani na njaa zao, wanaimba.

Jumatatu asubuhi Debora alilipa kwa simu yake, mimi na Yusto tumesimama juu ya kichwa chake. Fomu ikamuuliza jina la mwenye seva. Aliandika "Wapimaji wa Mvua Ufipa". Siku mbili zilizofuata yeye na Yusto walihamisha namba zote, miaka minne, wakilinganisha kikopo kwa kikopo. Haikupotea hata sifuri moja. Novemba ikaja mvua ya siku mbili, ya kudanganya, ujumbe ukafika ukiwa na jumla yake ndogo, na kwa mara ya kwanza niliona Pito nzima imesimama pembeni ya mashamba, majembe begani, inasubiri. Tulipanda wiki mbili baadaye. Mahindi yalishika.

Lakini mimi nilikuwa na deni la hofu kwa mzee Mayunga. Nilijua ameumia, mzee kama yule kukataliwa hadharani, na nikajua chanzo ni ile kadi yangu. Mwezi wa kumi na mbili nilikwenda mnadani kununua mbuzi wa Krismasi, nikamwona kwa mbali, kati ya wanaume wenzake wenye fimbo, yule dume mweusi kamfunga pembeni. Nikasogea nimwombe radhi. Hakuniona. Alikuwa anaongea kwa sauti ya mtu anayetaka wa mbali wasikie.

"Hili halijaja kuuzwa," alikuwa anasema, anampiga yule dume mgongoni. "Nimelileta mlione. Hili ndilo nililompa binti yangu mbele ya watu mia, akalikataa. Mna mabinti, ninyi. Mna yupi aliyewahi kukataa ng'ombe?"